Spea za Kutoka Kikole

Puli inayozungusha ngoma ya kupuria ilipasuka katikati ya shamba, mpunga wa bonde la Rutamba ukiwa umeiva hata umeanza kupukutika. Kidawa alizima kombaini yake ya kuvunia, akashuka, akautazama ufa. Alipaswa kusikitika. Badala yake alihisi furaha ndogo, ya kuonea aibu: sasa alikuwa na sababu ya kumpigia simu Rehani.

Rehani aliwahi kuwa mumewe. Enzi za ndoa yao walinunua kombaini mbili kuukuu, aina moja, rangi moja iliyopauka, kwenye mnada wa shamba lililofungwa huko bara. Ilikuwa akili ya Rehani. Spea za mashine zile zilikuwa adimu, kwa hiyo moja ingevuna na nyingine ingeilisha. Ndoa ilipovunjika, wazee wa pande zote mbili walikaa, wakagawa mali kwa haki: mume moja, mke moja. Hakuna aliyewaambia kwamba zile hazigawanyiki. Rehani alikwenda na yake Kikole, akaoa huko. Kidawa alibaki Rutamba, akajifunza kuendesha yake mwenyewe.

Tangu hapo, kila msimu kikiharibika kitu, alipiga simu.

"Baba Imani, beringi ya shafti imekufa."

"Uliitia grisi?"

"Niliitia."

"Hukuitia. Wewe nakujua."

Walikuwa wakicheka kidogo, kisha Rehani akisema kwamba beringi kama hiyo kwake imezidi, kesho ataipakia. Kabla ya kukata, Kidawa alituma salamu kwa Somoe, mke wa Rehani, ili mazungumzo yabaki na adabu yake. Kondakta wa basi la Lindi alileta kifurushi cha gunia kilichofungwa kamba ya mkonge. Fundo lilikuwa lile lile la Rehani. Kidawa hakuwahi kulikata kwa kisu. Alilifungua kwa kucha, polepole.

Kwenye kombaini hakuna kinachozidi. Hilo alilijua. Kila alichopokea kilikuwa kimeng'olewa mahali pake, na mashine ya Kikole ilikuwa imeacha kuwaka siku nyingi. Bado aliendelea kuomba.

Safari hii Imani, binti yao anayefanya kazi Dar, aliwahi. Fundi Sebastiani alikuwa amekwisha kumtumia picha ya puli.

"Mama, usimsumbue baba. Nimeipata Kariakoo, mpya, iko kwenye boksi lake. Imeshapanda basi."

"Mpya? Itakubali kweli kwenye mashine ya zamani?"

"Mama nawe! Mpaka iwe na kutu ndiyo uridhike?"

Ilikubali. Sebastiani aliifunga, akavalisha mkanda, akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama Imani, bibi kizee wako kavishwa pete! Sasa nani atamshika?"

Bonde lilivunwa lote, na watu wakamsifu Kidawa. Yeye, alipokuwa akitoa makapi kwenye chekeche, alijikuta akizitikisa beringi kwa mkono, moja baada ya nyingine, akitafuta iliyolegea. Zote zilikuwa imara.

Siku chache baadaye Rehani ndiye aliyepiga.

"Mama Imani, mbona kimya? Umeacha kulima?"

"Mashine imepona. Imani kaniletea puli mpya."

"Ah." Alikohoa. "Alhamdulillahi. Mimi nilisikia imepasuka, nikakufungulia ya kwangu."

Kidawa aliihamishia simu sikio la pili.

"Sasa wanunuzi wa chuma chakavu wako hapa uani," Rehani aliendelea. "Kila mwaka wanakuja kuitaka kombaini, nawafukuza. Nawaambia kuna mtu anaitegemea. Somoe anasema dude limegeuka banda la kuku, anafagia akilizunguka. Niwape?"

Neno la kumkataza lilifika mpaka kwenye ulimi. Kidawa alijua kwamba akilisema, Rehani angewafukuza watu wale, na mwakani angewafukuza tena. Lakini akilini alimwona Somoe na ufagio wake, miaka yote akiuzunguka mzigo wa mwanamke mwingine bila kumtolea neno.

"Wape, Baba Imani."

"Kuna kitu unataka nikufungulie kwanza? Wakishaanza kukata, basi tena."

Kidawa alifumba macho, akaizunguka kwa mawazo mashine ile ya Kikole kuanzia visu vya mbele hadi tangi la nafaka. Vyote sasa Imani angeweza kuvipata Dar, vipya, kwenye maboksi yao.

"Usukani," alisema.

"Usukani? Wa kwako una nini?"

"Hauna kitu."

Kwenye simu kuku walisikika. Rehani hakuuliza tena. Kidawa alimsikia akiwaambia wale watu wasubiri kidogo, kisha akasikia spana ikigonga chuma.