Njia Inayorudi Mlangoni

Harufu ya baa ile ningeitambua hata nikifungwa macho: bia iliyomwagikia mbao tangu enzi za mababu wa wenyewe, supu ya vitunguu, nta ya sakafu, na manyoya ya mbwa aliyenyeshewa. Ilikuwa baa ya kijiji, ikitazamana na kanisa, magharibi mwa Brussels, pale ambapo nyumba za Berchem-Sainte-Agathe huisha na mashamba huanza bila kuaga. Sisi tulikaa Evere, upande wa pili kabisa wa jiji. Nilipokuwa na miaka kumi, msimu wa majani kupukutika, kila Jumamosi tulivuka jiji zima kwa tramu, kisha kwa basi, ili tufike mbele ya mlango wa baa, tuupe mgongo, na tutembee mpaka turudi kwenye mlango uleule.

Lilikuwa wazo la papa, baba yetu. Daktari alimwambia sukari imepanda na dawa ya kwanza ni miguu, na mwenzake mmoja kazini akamweleza kwamba kule mashambani kuna njia za mviringo zenye vibao vya mishale, mtu anaanzia baa na kuishia baa. Papa hakuwahi kufanya jambo nusunusu. Alinunua viatu vya kupandia milima katika nchi ambayo kilima chake kikubwa unakivuka bila kujua. Jamaa zetu waliokusanyika kwenye saluni ya kusukia nywele ya Galerie d'Ixelles, katikati ya jiji, walicheka hadi wasukwaji wakashindwa kutuliza vichwa. "Donc munapanda tram, munapanda bus, juu ya kuenda kutembea?" tantine mmoja, shangazi wa ukoo, akauliza. "Na munaenda wapi?" Papa akajibu, "Tunarudia," yaani tunarudi tulikotoka. Wakacheka tena. Kwa watu wa Kivu kama sisi, mtu hutembea kwa sababu kuna soko, kuna shamba, kuna kilio, au kuna vita.

Maman hakucheka. Yeye alitoka Kivu kwa miguu, msituni, akiwa msichana bado, na zaidi ya hapo hakutuambia kitu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo nilidhani angekataa katakata. Lakini alikaa akifikiri, akasema, "Bon, kama njia inarudia, nitaenda." Alitoa sharti moja tu: atatembea nyuma yetu sote. Basi papa alitangulia, mimi na mdogo wangu Espoir tukawa katikati, na maman mwisho, na mfuko wa chakula begani. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, naye alisimama. Hakuna aliyeruhusiwa kubaki nyuma yake, hata kwa kukojoa.

Njia yenyewe haikuwa ndefu. Ilizama kwenye kichochoro kati ya kingo mbili za udongo, ikaibukia mashamba ya viazisukari, ile mizizi minene ya kutengenezea sukari, ikapita kikanisa cha Bikira Maria kilichotosha mtu mmoja na mshumaa wake, ikafuata kijito chenye mierebi, kisha ikaingia baa kwa nyuma, kupitia uani. Mierebi ile ilikuwa imekatwa vichwa miaka na miaka, ikabaki vishina vinene vyenye mafundo juu kama ngumi. Espoir aliiogopa. Sikumcheka, kwa maana mimi mwenyewe sikupenda kuipa kisogo. Viazisukari vilivyong'olewa vilirundikwa kando ya shamba na matope yake, vikitoa harufu tamu ya kitu kinachooza. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hatukukutana na mtu. Kwetu, njia isiyo na watu ni njia ambayo wenzako wamekwisha kupata habari zake, wewe bado.

Ndipo maman alipotupa sheria ya kwao. "Mu pori, kama haumuone mwenye anakuita, hapana itika. Mara ya kwanza, unanyamaza. Mara ya pili, unasikiliza. Mara ya tatu, njo unaitika." Wafu, alisema, wana pumzi ya kuita mara moja tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi tulisikia hadi tukapitiliza. Hata nyumbani Evere, maman akituita kutoka jikoni tulinyamaza kimya chumbani, tukingoja ya tatu, mpaka papa akapiga kelele kwamba chakula kinapoa na hapa si porini.

Jumamosi ninayoisimulia, ukungu ulitukuta katikati ya viazisukari. Ulipanda kutoka kijitoni bila haraka. Kwanza ukaimeza mierebi, halafu kikanisa, halafu mgongo wa papa ambaye alikuwa mbele yangu hapo hapo. Tulishikana mikono. Sauti za hatua zetu zilirudi kutoka upande usio wake, na kengele ya kanisa ikalia kana kwamba iko chini ya ardhi. Kisha mtu akaita. Ilikuwa sauti ya msichana, wala haikuwa kubwa, sauti ya mtu anayemwita mwenzake katikati ya mchezo. "Nabintu!" Mara moja, basi.

Nyumbani kwetu hapakuwa na Nabintu. Papa alikuwa Papa Faida na maman alikuwa Maman Faida, kwa jina langu mimi mzaliwa wa kwanza. Kwenye vitambulisho maman aliandikwa Jeannette. Lakini nililijua jina lile kuwa ni la kwetu, la upande wa Bukavu. Ni nani wa kijiji kile, kati ya wakulima wale na matrekta yao, angeita hivyo shambani? Papa alitukamata mabega. "Munyamaze," akanong'ona. Nikageuka ili nimtazame maman usoni, na nyuma yetu hapakuwa na mtu.

Papa aliita, "Maman Faida!" Hakuna jibu. Nilijiambia ni sawa, hiyo ni ya kwanza. Akaita tena, nikajiambia anasikiliza. Akaita mara ya tatu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na ukungu ukabaki vilevile. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliogopa kwamba tumempoteza maman kwenye matembezi ya kupunguza sukari, na nikavichukia viatu vya papa kuliko kitu chochote duniani. Papa alitaka kurudi kumtafuta, akatutazama sisi wawili, akashindwa kutuacha na akashindwa kutupeleka. Mwishowe akasema, "Alors tunafuata mishale. Njia inarudia. Na yeye anajua inarudia." Tulitembea tukipapasa nguzo za vibao, Espoir akilia bila sauti, hadi tukaona taa ya uani.

Maman alikuwa ndani. Alikaa kando ya jiko la kuni, matope ya shamba alilokatisha yamempanda hadi magotini, na mezani palikuwa na vikombe vya chokoleti ya moto vikifuka mvuke. Nilimrukia, nikanusa ukungu kwenye nywele zake. Mwenye baa, bibi mnene tuliyemwita Madame Lieve, akatueleza kwa Kifaransa chake cha kijijini kwamba alisikia wanawake wawili uani wakizungumza lugha yetu, akadhani tumefika wote, ndipo akaandaa chokoleti ya watu wote. Papa alimtazama maman. Maman alikuwa amelia, lakini uso ulikuwa umetulia namna ambayo ilinitia woga kuliko machozi.

"Ni mimi Nabintu," alisema. "Sifa, mudogo yangu, njo alikuwa ananiita vile. Siku ile tulikimbia mu pori, alibakia nyuma. Aliniita mara moja tu. Bakubwa balinifunga kinywa, banasema hapana itika. Nikanyamaza, nikatembea. Hatukumuona tena." Papa akavua kofia. Aliuliza polepole, "Na leo?" Maman akashika kikombe kwa mikono miwili. "Leo niliitika. Nilisema: niko. Kuya kwangu, njia hii inarudia."

Tuliendelea na matembezi hadi baridi kali ilipoingia, naye maman aliendelea kutembea mwisho. Sheria ya mara tatu iliondoka nyumbani kwetu siku ile ile. Ukiitwa, itika, basi. Ila alianza desturi nyingine. Tukifika baa na kuingia sote, yeye alibaki ameushika mlango wazi kwa kitambo, akitazama njia, mpaka Madame Lieve apaze sauti kwamba hapashi moto kijiji kizima.

Maman alifariki mwaka juzi. Papa bado yupo, na sukari yake, ila miguu imegoma. Msimu huu wa majani kupukutika nilimpeleka binti yangu kule. Supu ya vitunguu imekuwa supu ya maboga, orodha ya vyakula unaisoma kwa simu, na simu hiyohiyo inakuambia ukate kulia hata kabla hujakiona kibao. Binti yangu huwa na vidude masikioni. Ukimwita mara tatu ni kama hujaanza. Ukungu tu haukubadilika. Ulitukuta mahali palepale. Nikamwambia atangulie, nikasimama katikati ya viazisukari, nikangoja. Nilitaka kuitwa Faida, na sauti moja ninayoijua, mara moja tu. Ningeitika kabla haijaisha. Sikuitwa, na iliniuma sana.

Tulipofika baani, binti yangu aliingia mbio akitafuta joto. Mimi nilibaki kizingitini, mkono kwenye mlango, nikitazama njia. Kijana anayehudumu siku hizi aliniambia kwa adabu kwamba baridi inaingia. Nikamwomba angoje kidogo.