Miaka Yangu ya Kuwasha Shisha

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye baa moja ya Kibondo, msimamizi alinikabidhi koleo la mkaa akasema, "Mteja asivute shisha ambayo haijakolea. Wewe ndiye unayeanza." Ndiyo ilikuwa kazi ya mwashaji: kutia maji kwenye chupa ya chini ambayo moshi unapitia, kujaza tumbaku yenye ladha kwenye kikombe cha udongo juu yake, kufunika kwa foili, kutoboa matundu, kupanga mkaa unaowaka juu ya foili, kisha kuvuta mwenyewe mpaka moshi uwe mzito. Mengine nilijifunza kwenye simu. Wenzangu walivuta mara tatu. Mimi, nisiyeweza kuacha kitu nusu, nilivuta kumi.

Nikahamishiwa tawi la Kasulu. Shisha imekatazwa nchini, kwa hiyo tulifanyia kazi chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa, mapazia mazito. Meneja wa huko alinisifu mbele ya wenzangu, nami nikazidisha bidii.

Jumamosi moja mchana akaja rafiki yangu Eliza, mwanafunzi wa ushonaji kutoka Busunzu.

"Hii si kama sigara?" akauliza.

"Sigara ina maji? Maji yanachuja sumu yote."

"Umesomea wapi, daktari wa mapazia?"

Akacheka, akavuta. Baada ya nusu saa alisema kichwa kinamgonga. Akasimama, akaanguka.

Mimi na meneja tukampeleka kituo cha afya, na tabibu akauliza kama kulikuwa na mkaa ndani ya chumba. Meneja akawahi. "Binti hajala tangu asubuhi." Kisha akanitazama. Kama ningenyamaza, ningebaki na kazi, na Eliza angetibiwa njaa.

"Mkaa ulikuwepo," nikasema. "Madirisha yalifungwa. Na mimi ndiye niliyemwambia maji yanachuja."

Tabibu akamwekea Eliza oksijeni, ndipo akanigeukia. "Maji yanapoza moshi tu. Sumu inapita. Na gesi ya mkaa haina harufu, huwezi kuijua. Wewe umewasha ngapi?"

Sikuweza kuhesabu. Akanipima kifua na mimi.

Eliza alipona. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minne, na nikipanda mlima na ndoo ya maji napumzika mara mbili. Namba za wateja wangu bado ninazo. Nawapigia mmoja mmoja kuwaambia niliwadanganya bila kujua, na kwamba sikuwahi kumuuliza mtu anayejua. Wengi wanacheka. Kijana mmoja wa Buhigwe hakucheka.

"Kaka, mbona ulinizoesha vizuri hivyo? Nimejaribu kuacha, nashindwa."

Leo nimempigia tena, kumuuliza amefikia wapi na kuacha.