Mkono wa Fundi wa Bangili

Fundi wa bangili za mawe hapa Agadez haweki cha mtu kabatini. Huipaka siagi bangili, huipasha juu ya makaa mpaka iwe nyeusi tii, kisha huivaa mwenyewe juu ya kiwiko, maana jiwe lisilovaliwa hupauka. Raichatou alimletea ya mwanawe aliyekwenda Libya, imekuwa ya kijivu.

“Mama, umeiosha kwa sabuni?”

“Ilijaa jasho lake, fundi. Nikaona uchafu.”

Hakumcheka. Aliipaka, akaipasha, akaivaa penye alama ya bangili nyingine.

“Akirudi asiikute baridi.”

“Atarudi kweli?”

Fundi aliisogeza bangili, akagusa ile alama. “Hapa ilikaa ya mwana wa Ghaicha, aliyekwenda Libya pia. Jumanne kaja kuichukua mwenyewe.”