Mama Kinu na jiwe lililoufuata mto

Jua linachungulia tu nyuma ya mlima, naye tayari yumo mferejini, maji yakimfika magotini, akizoa majani yaliyoziba njia. Anainua ubao unaozuia maji. Gurudumu la mbao linalia, linasita, kisha linazunguka. Ndani, jiwe la kusagia linaanza kunguruma.

"Mnamsikia? Ameamka vizuri leo," anawaambia wanawake waliopanga foleni. "Mwenye haraka atangulie, mwenye umbea abaki."

Wanamwita Mama Kinu. Anasagia bonde zima kwa nguvu ya maji, bila tone la mafuta.

Miaka sita iliyopita kinu hiki kilikuwa kinakata roho. Kilikuwa juu zaidi, kwenye kijito kilichotegemea barafu ya kilele, mahali baba mkwe wake alipokijenga ujanani. Joto lilipoanza kuila barafu, maji yalifurika misimu kadhaa, watu wakashangilia. Kisha yakapungua. Kiangazi, magunia ishirini kwa siku yakashuka hadi manne.

"Mtaalamu wa maji hakutuficha," anasimulia. "Alisema barafu ndiyo akiba yetu ya kiangazi, nayo inakwisha. Akatushauri tushuke hadi kijito kinapokutana na maji ya chemchemi za msituni."

Mzee, baba mkwe wake, hakutaka kusikia. "Kinu changu hakihami nikiwa hai!"

Mumewe akaufyata. "Baba watoto alinywea kuliko mto," anasema Mama Kinu, akicheka.

Yeye hakubishana. Alimshika mzee mkono, akamteremsha hadi chini ya gurudumu. "Baba, simama hapa."

Mzee alisimama kitambo kirefu. Viatu vyake havikulowa.

"Haya, mwanangu," alisema hatimaye. "Lakini jiwe langu msilivunje."

Majirani waliliteremsha kwa kamba na magogo, kutwa nzima. Kwenye kona ya mwisho kamba ikakatika, jiwe likaserereka kuelekea korongoni. Shemeji yake akatupa gogo mbele yake. Likagota. Zima!

"Nilikaa chini palepale," anakumbuka.

Leo, hata kiangazi kikali, anasaga magunia kumi na mawili. Si ishirini, na hajifanyi ni ishirini. Lakini kinu hakijasimama hata msimu mmoja.

Mzee huja kila asubuhi, akausugua unga kati ya vidole. "Laini," anasema, kisha anamgeukia mwandishi aliyewatembelea, kifua mbele. "Mkwe wangu ndiye aliyekileta hapa. Andika hivyo."

Sasa Mama Kinu anapanga kuchimba bwawa la kuhifadhi maji ya masika, na kuongeza jiwe la pili. Jabali ameshalichagua.

Na mzee ameridhia?

"Nimeshamnunulia patasi mpya," anajibu, akifunga gunia kwa fundo moja la nguvu. "Yeye atachonga, mimi nitalifikisha."