Bi Pua, fundi wa nyumba walimoishi paka na mbwa

Asubuhi hii, madirisha yote yakiwa yamefungwa kwa makusudi, mwanamke mmoja amepiga magoti kwenye sebule tupu, pua yake karibu inagusa sakafu. Anasogea taratibu, ananusa pembe ya ukuta, anarudi nyuma, ananusa tena.

"Hapa," anasema, akigonga kigae kwa kidole. "Alikuwa akilala hapa. Mbwa mkubwa, tena mzee."

Madalali wa mtaa huu wanamwita Bi Pua, na jina hilo halimuudhi. Kazi yake ni kuziandaa nyumba zinazouzwa, hasa zile ambazo wenyewe wanafuga paka au mbwa. Husugua, huziba mikwaruzo ya kucha milangoni, hupiga msasa, hung'oa makapeti, na zaidi ya yote husaka harufu.

Zamani alikuwa akifanya usafi wa ofisi. Siku moja dalali alimwita kusafisha nyumba iliyokuwa na paka. Aliisafisha ikang'aa, lakini wanunuzi walipoingia tu wakaangaliana, wakaaga.

"Nilikosa raha," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nikajiuliza, wamesikia harufu gani ambayo mimi sikuisikia? Nikarudi kesho yake bila kuitwa na mtu."

Tangu hapo hakuacha kujiuliza swali hilo katika kila nyumba. Siku hizi, nyumba moja humwingizia karibu sawa na mshahara wake wa mwezi wa zamani, ingawa kuna miezi haitwi kabisa.

Akiulizwa ni nyumba gani iliyomsumbua kuliko zote, hafikirii mara mbili. Ni ya fundi saa mmoja mstaafu, aliyefiwa na mkewe, aliyekuwa akiishi na mbwa aitwaye Jenerali na paka aliyepewa jina la Shangazi kwa kuwa hakukuwa na chumba asichokikagua.

Magoti ya mzee yalikuwa yamechoka na ngazi, na binti yake alitaka auze nyumba, ahamie kwake. Familia mbili zilikuja kuiona nyumba, zikaondoka bila kurudi. Binti akailaumu harufu, akakata shauri wanyama wagawiwe watu.

"Basi na mimi nigawe," mzee akamjibu.

Ndipo Bi Pua alipoitwa. Alitoa manyoya nyuma ya friji, akafua mapazia, akasugua kuta kwa siki na maji ya uvuguvugu. Sebule ikatakata. Chumba cha kulala kikagoma. Kilikuwa na kiti cha mbao chenye mto mnene, na mzee alikuwa amemwambia mapema, "Mwanangu, fanya yote, ila kiti kile usikiguse."

Alikizunguka kiti hicho hadi akaishiwa mbinu. Mwishowe akamwita mzee, wakaketi wote ukingoni mwa kitanda.

"Baba, wewe huisikii harufu kwa sababu umeizoea," akamwambia. "Inatoka kwenye kiti."

Mzee akasema kiti kilikuwa cha marehemu mkewe, na Shangazi alikuwa akilala mapajani mwake pale kila jioni. Baada ya mazishi, paka alianza kukojoa kwenye mto.

"Nilijua anachofanya," mzee alisema. "Sikuwa na moyo wa kumfukuza. Naye pia alikuwa akimtafuta."

Ni mzee mwenyewe aliyeinuka, akaleta bisibisi, akafungua skrubu zilizoshikilia mto, moja moja, kwa mikono ileile iliyozoea saa. Akamkabidhi Bi Pua mto. "Huu katupe. Mbao nitazipiga msasa mwenyewe."

Siku ya kuja wanunuzi wengine, wanyama walipelekwa kwa jirani, na binti na Bi Pua wakawapokea wageni. Mke na mume walikuwa wakipima jikoni kwa macho wakati Shangazi alipojipenyeza kwenye dirisha la choo na kuja kukaa katikati yao.

"Huyo ni wa jirani," binti akawahi kusema.

Mke, ambaye ni muuguzi, akamgeukia Bi Pua. "Kweli?"

"Hapana, mama. Ni wa hapa, na mbwa yupo pia," Bi Pua akajibu. "Mlango huu ulikwaruzwa, tumeuziba hapa na hapa. Pita kila chumba, unuse utakavyo."

Binti akainamisha uso. Muuguzi akapita, akafungua makabati, akainama hadi chini ya sinki. Alirudi akiwa na swali moja tu, kuhusu bomba la maji.

Nyumba iliuzwa. Mzee alihama na kiti, kikiwa na mto mpya. Jenerali alipewa kona barazani kwa binti. Shangazi hakusubiri kupewa. Aliingia chumba cha mzee siku ya kwanza, na binti akamwacha humo, akaufunga mlango polepole.

Sasa Bi Pua anataka kujenga banda safi uani kwake, ili wanyama wapate pa kukaa nyumba zao zinapokaguliwa. Matofali ameshaanza kununua. Kikwazo, anasema, ni mumewe, ambaye ameapa kwamba akikuta mbwa kitandani atahamia bandani yeye.

"Nimemwambia asiwe na wasiwasi," anasema Bi Pua, akirudi kupiga magoti. "Nitajenga kubwa."