Maana Kumi na Nne

Hata leo, mwanangu, naikumbuka alasiri moja ya kisomo pale Temeke, enzi zile za Ujamaa, sisi vijana tuliosoma kidogo tulipokuwa tukiwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, nikiitwa mwalimu na watu wa umri wa baba yangu, na majivuno yalinijaa hadi kooni. Debe shinda haliachi kutika.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa Mzee Anselmi, mchonga vinyago aliyefiwa na mkewe. Siku hiyo alikuja na barua ya binti yake aliyeolewa kusini. Miaka yote majirani ndio waliomsomea. Hii alitaka aisome mwenyewe. Akasimama, kidole kwenye karatasi: "Ba-ba m-pe-nzi..."

Nikamkatiza. "Mzee, tutafika magharibi! Mie neno moja tu la Kizungu, *set*, nalijua maana kumi na nne."

Nikazimwaga zote nilivyozikariri kwenye kamusi: kuweka, kutega mtego, jua kuzama, saruji kukauka, vikombe vya namna moja, na kuendelea. Darasa likacheka, nami nikadhani nasifiwa. Mzee akaikunja barua, akasema, "Ahsante, mwalimu," akatoka.

Juma zima hakuonekana. Shangazi yangu, naye mwanafunzi wa darasa hilohilo, akaniuliza tukimenya mihogo: "Ile barua ilisemaje?"

"Sijui, shangazi."

"Maana kumi na nne unazo, habari ya mtoto wa mwenzio huna. Nenda kwake. Na usiende kama mwalimu."

Nilikwenda na aibu yangu. Nikamwamkia shikamoo, nikamtaka radhi, nikaketi chini kwenye vumbi la mpingo, nikamwomba anisomee. Barua ilikuwa bado mfukoni mwake, hakumpa mtu. Alisoma kwa muda mrefu, nami sikufungua mdomo. Binti alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akampa jina la marehemu mama yake. Mzee alilisoma jina la mkewe mara mbili, herufi kwa herufi, akalia. Nikalia naye.

Basi soma, mwanangu. Kizungu jifunze na maana zake zote, sikukatazi. Mie hadi leo ninazo kumi na nne zangu. Lakini mtu anapojikongoja kwenye mstari wake wa kwanza, nyamaza, umsikilize mpaka mwisho. Mungu akujalie elimu, na akujalie subira ya kumngoja aliye nyuma yako.