Bega la Mkandaji

Kabla ya kumgusa mtu, Bi Mwanasiti alimtembeza kwanza. Uani kwake, nyuma ya maduka ya Garsen, palikuwa na nafasi ya hatua kumi na mbili kati ya mlango wa jikoni na ukuta wa jirani. Kila mwanamke aliyemjia na maumivu alivua viatu, akajifunga leso, akaenda na kurudi hapo mara tatu huku wenzake waliokaa mkekani wakingoja zamu wakimtazama. Fedheha ilianzia hapo, kabla ya maumivu yenyewe.

"Mtazameni huyu," aliwaambia waliokaa. "Anakwenda kama bata aliyeamka vibaya. Mama Joy, weye umenambia shingo. Mbona mguu wa kulia unauburura kama wa kuazima?"

Wanawake wakacheka. Mama Joy, mkulima wa mpunga kutoka kijiji cha Hewani, alijaribu kucheka nao.

"Ni shingo, Bi Mwanasiti. Haigeuki. Usiku silali."

"Nakuuliza mguu."

Mama Joy akafikiri. Kweli, aliwahi kuteleza kwenye tuta la shamba mvua za mwaka juzi. Kifundo kilivimba wiki mbili, kikapona, akasahau.

"Weye umesahau, mwili haukusahau. Lala."

Alianzia kwenye unyayo. Alipaka mafuta ya simsim, akakandamiza kwa kiwiko, akapanda nacho kwenye kigimbi, nyuma ya paja, nyongani, mgongoni, polepole kama mtu anayetafuta sarafu chini ya zulia. Kila alipokuta fundo aliliegemea kwa uzito wake wote. Mama Joy aliuma ncha ya leso mpaka akaitoboa. Siku ya nne shingo iligeuka kulia na kushoto, na kiwiko cha Bi Mwanasiti kilikuwa bado hakijaigusa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa kwa miaka ishirini na sita. Alizaliwa Kipini, akafunzwa kukanda na nyanya yake, akaolewa Garsen na mume aliyemwacha na mtoto mmoja wa kike, Sumeya. Mtoto huyo alilelewa kwa viwiko hivyo. Wanawake walitoka uani kwake wamenyooka, macho mekundu, na waliporudi majumbani walimsema vibaya wiki nzima. Kisha bega likikaza tena, walirudi. Hakuna aliyempenda, na hilo halikumsumbua. Alichotaka ni wamhitaji.

Mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu. Kadii alimjia akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, msichana wa Kigiriama ambaye wazazi wake walihamia kulima pembeni mwa mto, mgongo umepinda kwa kubeba magunia ya makaa. Aliponyooka akaomba afunzwe. Siku ya kwanza Bi Mwanasiti alimpeleka machinjioni. Mbuzi alikuwa akichunwa, na kati ya ngozi na nyama palionekana utando mweupe, mwembamba, unaong'aa kwa unyevu. Bi Mwanasiti aliukamata mkono wa Kadii akauingiza humo, nyama ingali na joto. Kadii akatapika. Mwalimu wake alingoja amalize, akamfuta mdomo kwa leso, akaurudisha mkono pale pale.

"Hiki ndicho unachokanda. Si nyama, si mfupa. Utando huu umemfunika mbuzi kuanzia kwato hadi masikio, kama kanzu moja isiyo na mshono. Sasa vuta hapa pajani."

Kadii akavuta. Karibu na bega, ngozi ikacheza.

"Umeona? Mahali palipoumia utando unanata. Mahali pasipotumika unakauka. Ukinata huku, unavuta kule. Mtu akija akalia bega, usiwe mjinga ukakimbilia bega."

Kadii hakuwa mjinga. Miaka tisa alikaa hapo, akipigwa mwiko vidoleni kila alipokosea, akiitwa mkono wa uji mbele ya wateja, na mwishoni alikuwa anaweza kumwona mtu akivuka barabara akajua ni nyonga gani iliyogoma. Kisha shirika moja likaleta mafunzo ya wiki sita kule Hola, ya tiba ya viungo, na Kadii akaenda bila kuaga. Aliporudi alimweka mtu mkekani, mama wa makamo aitwaye Kadra, akauweka mkono mgongoni mwake, na hakusukuma. Alitulia tu.

"Unamkanda au unampapasa?" Bi Mwanasiti akauliza. Waliokaa wakacheka.

"Nausubiri utando, Bi. Ukiusukuma kwa nguvu unakaza. Ukiweka uzito kidogo ukangoja, mtu naye akavuta pumzi, unaachia wenyewe. Halafu atembee kila siku, anywe maji, alale usingizi wa kutosha. Mwili wote unatengenezwa, si mkekani peke yake."

"Wamekufunza kulala huko Hola?"

Kabla Kadii hajajibu, Kadra akaanza kukoroma. Kukoroma, kwenye mkeka wa Bi Mwanasiti! Mkandaji akaiinua chupa ya simsim, akammwagia Kadii kichwani mpaka tone la mwisho.

"Toka. Na mikono yangu uiache hapa hapa."

Kadii aliondoka mafuta yakimtiririka shingoni. Baada ya mwezi alikodi chumba ng'ambo ya barabara, na mmoja mmoja wanawake wakaanza kuvuka.

Mwaka uliofuata Sumeya akashika mimba. Alikuwa ameolewa miaka sita na Nabil, fundi wa pikipiki wa Minjila, na watu walishaanza kumwangalia tumbo kwa huruma. Bi Mwanasiti alipopata habari alikaa chini akalia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Katika nyumba yao, siku arobaini za mzazi baada ya kujifungua zilikuwa za mama yake kumkanda. Nyanya alimkanda mama, mama akamkanda Mwanasiti, na hakuna mkono wa nje uliowahi kumgusa binti wa ukoo huo akiwa na kichanga. Alianza kuweka akiba ya simsim. Aliwaambia wateja kwamba mwezi wa sita asitafutwe.

Na bega la kulia likaanza kumuuma.

Mwanzoni alishindwa kusuka nywele zake, baadaye akashindwa kufikia mgongo wakati wa kuoga, na baada ya miezi mitatu mkono haukupanda zaidi ya kifua. Usiku alilala ameketi. Alijikanda kwa mkono wa kushoto, shingo, kifua, kwapa, akitafuta fundo. Wateja aliwaambia ana homa. Alijua vizuri kwamba mkandaji hutazamwa mwili wake kama mpishi anavyotazamwa sahani yake, kwa hiyo hakumwambia mtu, hata Sumeya, na Sumeya alipomtembelea alimmiminia chai kwa mkono wa kushoto akidai wa kulia una mafuta.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, subira ikamwisha. Palikuwa na dawa moja aliyowapa wanawake wenye mabega magumu, wale walioogopwa na wakandaji wengine: aliwafunga kifundo cha mkono kwa leso, akaipitisha leso juu ya boriti, akavuta. Walipiga kelele, kitu kikapasuka ndani, na wengi mkono uliinuka. Wachache haukuinuka, na hao hawakurudi kumwambia. Bi Mwanasiti alifunga mlango mchana kweupe, akapanda kigoda, akajifunga mkono wa kulia kwenye boriti. Kisha akakisukuma kigoda kwa mguu.

Jirani alisikia ukelele mmoja akadhani ni paka. Bi Mwanasiti alining'inia kwa muda asioujua, vidole vya miguu vikipapasa sakafu, mpaka leso ilipochanika. Alipozinduka alitapika. Jioni bega lilikuwa jekundu na limevimba kama andazi, na mkono ambao asubuhi ulifika kifuani sasa haukuachana na ubavu.

Alikaa nao siku tano. Ya sita akajifunika buibui, akavuka barabara.

Kwa Kadii palikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa wanawake watano. Wote aliwahi kuwaliza. Mama Joy alikuwemo, na Kadra naye.

"Bi Mwanasiti," Kadii akasema. Aliinuka kwa heshima, kama zamani. "Shikamoo."

"Marahaba. Nataka kukuona ndani."

"Ndani nitakuona. Lakini kwanza," Kadii akasita, akatazama chini, kisha akamtazama machoni, "kwanza sharti utembee."

"Mbele ya hawa?"

"Wewe ndiye uliyenifunza hivyo."

Bi Mwanasiti angeweza kuondoka. Alihesabu moyoni wiki zilizobaki, akavua viatu, akatembea. Benchi zima likageuza shingo, shingo alizozigeuza yeye kwa kiwiko chake.

"Mbona mkono hauchezi?" Kadra akauliza kwa sauti ya juu. "Ameubandika?"

"Labda ameficha samaki kwapani," akasema Mama Joy. "Rudi tena, Bi, hatujashiba kukuona."

Wakacheka mpaka mmoja akaporomoka benchini. Kadii hakucheka. Hakuwanyamazisha pia. Aliwaacha wacheke mizunguko yote mitatu huku yeye akitazama miguu ya mwalimu wake, na alipomwingiza ndani hakuligusa bega. Alimlaza, akachukua ufunguo wa mlango akaupitisha kwenye unyayo wa Bi Mwanasiti.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

Kadii akaupitisha tena, akaukandamiza. Bi Mwanasiti alikuwa anatazama dari.

"Nyayo zako hazisikii ardhi, Bi. Unakanyaga kama aliyevaa soksi. Usiku unaamka kukojoa mara ngapi?"

"Nimekuja na bega."

"Najua. Mara ngapi?"

"Tano. Sita."

"Ni sukari. Watu wenye sukari utando wao unakakamaa, na bega ndilo linalopenda kufungika. Nenda hospitali ukapimwe leo. Utapewa dawa, na mimi nitalisogeza polepole kila wiki. Lakini nani amelivuta hivi? Limechanika ndani."

Bi Mwanasiti akageuza uso ukutani.

"Nani, Bi?"

"Mimi mwenyewe." Akajifunika bega kwa buibui. "Litainuka baada ya wiki ngapi? Nina kazi mwezi wa sita."

"Mwaka. Pengine miwili. Ungelikuja mwanzo, bila kulivuta, pengine ungejiweza kidogo. Sumeya atajifungua tarehe za mwanzo, na hata kikombe hutaweza—"

Bi Mwanasiti aliinuka akaketi.

"Nani amekwambia ni tarehe za mwanzo?"

Nje wanawake walikuwa bado wanachekeana. Kadii alichukua kitambaa akaifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mwenyewe. Huja hapa. Kila Alhamisi, tangu mimba ilipofika mwezi wa nne. Mgongo ulikuwa unamsumbua. Amesema na zile arobaini nimkande mimi. Amenilipa nusu tayari."

Siku hiyo hiyo Bi Mwanasiti alipanda pikipiki hadi Minjila. Alimkuta Sumeya ameketi mlangoni akichambua mchele, miguu ameinyoosha, mgongo umenyooka vizuri, na jicho lake la kazi likaona, kabla moyo haujaona, kwamba mgongo ule umekandwa na mtu anayejua.

"Kadii amenambia."

Sumeya aliweka ungo chini. "Nilitaka nikwambie mwenyewe, Mama. Nikaogopa."

"Waniogopa mimi? Mamako?"

"Kila mtu anakuogopa." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Nilipovunja ungo ulinikanda siku tatu, unakumbuka? Nilikuomba uache. Ulinambia mwili wangu mvivu. Ile mimba ya kwanza ilipoharibika sikukwambia, kwa sababu nilijua utakuja na mafuta."

Bi Mwanasiti hakuwa amejua kwamba palikuwa na mimba ya kwanza.

"Hizi siku arobaini," Sumeya akaendelea, "sitaki kulia. Basi. Njoo umshike mtoto. Njoo upike. Lakini usinikande."

"Hata ningetaka, siwezi," akasema mama yake, akaufunua mkono uliolala ubavuni.

Sumeya aliutazama. Bi Mwanasiti alingoja aulize umefanya nini, umeumiaje, nani amekuona. Usoni mwa binti yake alichokiona ni mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi Mungu ametusaidia," Sumeya akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Hospitali walimpima, wakamwambia sukari iko juu sana, wakampa vidonge. Alivimeza. Alikwenda kwa Kadii kila Jumanne, akakaa benchini na wengine, akatembea alipoambiwa atembee. Mkono uliachana na ubavu kwa upana wa vidole viwili.

Mtoto alizaliwa tarehe nne, wa kike. Siku ya tatu Kadii alifika Minjila na chupa ya simsim, akaingia chumbani, akavuta pazia la mlangoni. Bi Mwanasiti alibaki ukumbini, kichanga amekilaza kwenye mkono wa kushoto, masikio ameyatega kwenye pazia. Alijua kila hatua. Sasa ni unyayo. Sasa kigimbi. Sasa nyonga, pale penye uchungu, sasa atalia, hakuna mzazi asiyelia hapo. Akasubiri kilio cha mwanawe kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nyuma ya pazia Kadii alisema jambo kwa sauti ya chini, na Sumeya akacheka. Akacheka tena, kicheko kirefu cha usingizi, cha mtu asiyeshikwa mahali popote.

"Bi Mwanasiti!" Kadii akaita. "Maji ya kumkandia tumbo yamepoa. Tuongezee moto."

Alimlaza mjukuu mkekani, akaiendea sufuria ya maji iliyosukumwa nje ya pazia. Kuibeba kwa mkono mmoja hakuweza, kwa hiyo akaikokota sakafuni hadi jikoni, akapiga magoti, akaanza kupuliza makaa.